Uchaguzi wa Siku ya Maji

Ndegwa, mwenyekiti wa kisima chetu nyuma ya Adams Arcade, aliitisha uchaguzi wa kamati Alhamisi asubuhi, ukumbi wa kanisa. Tangu mvua ituruke, Alhamisi ndiyo siku pekee bomba letu hutoa maji. Mtu mwerevu. Alijua nani atakuwa ukumbini na nani atakuwa kwenye laini ya maji.

Siku zingine maji hayo hayo hupanda malori kwenda Kitisuru, kwa matajiri, kunywesha nyasi. Tukiuliza, tunaambiwa kisima kinakauka kwa sababu ya tabianchi. Basi tabianchi yetu ina lori na dereva.

Nasimiyu, mama fua anayefulia mtaa nguo, aligombea uenyekiti ili malori yakome kabla pampu haijaanza kuvuta hewa. Lakini wapiga kura wake wote walikuwa bombani. Kwetu mtungi hukushikia nafasi, ila zamu yako ikifika na hupo, unarudishwa mkiani. Nani angethubutu kuondoka?

Akatuma ujumbe: kura yetu ni ya kupanga mlolongo, basi ipigiwe bombani, mlolongo tayari upo.

Ndegwa alikuja mwenyewe, na viatu vyake vya ibada.

"Mama, mitungi haipigi kura."

"Najua, mzee. Ingekuwa inapiga, ungeshainunua."

Laini nzima ikacheka. Mimi nilicheka zaidi, maana nina saluni Kenyatta Market na nimechoka kumwambia mteja aje kichwa kikiwa kimeoshwa.

Uso wa Ndegwa ukabadilika. "Waithaka, zima hiyo pampu. Watakunywa kicheko."

Waithaka, mlinzi wa kisima, akazima. Bomba likakohoa, likanyamaza.

"Haya," Nasimiyu akasema, akijifunga leso. "Sasa foleni ni ya nini? Twendeni tukapige kura."

Tulienda na mitungi mitupu, ikigongana njia nzima kama bendi ya harusi. Ukumbini, sheria ni kusimama nyuma ya mtu wako. Nyuma ya Ndegwa walijipanga wenye matangi ya paani. Nyuma ya Nasimiyu tulijipanga mpaka tukatokea mlangoni, tukapita choo, tukafika barabarani. Mchungaji, aliyesimamia kura, hakuhitaji kuhesabu.

"Ufunguo wa pampu, mzee," Nasimiyu akasema.

Ndegwa aliutoa polepole. "Lori la leo limeshaagizwa."

"Litarudi jepesi."

Tukarudi hadi lango la kisima, tukidhani sasa tutachota. Nasimiyu akatuambia pampu italala mpaka jioni, kisima kijae kwanza, na wanaofua na kuosha nywele kwa biashara watachota wa mwisho. "Kuanzia mimi mwenyewe," akaongeza, akinitazama.

"Lakini Nasimiyu, mimi nimekupigia kura."

"Na nimeshukuru. Kaa hapo."

Nikakaa juu ya mtungi wangu katikati ya lango la kisima. Wengine wakaketi pembeni yangu. Lori lilipofika, dereva alipiga honi, akateremsha kioo.

"Niaje, mathe, mnasonga ama?"

"Tumekaa," nikamwambia. "Wewe ndiye wa kusonga."