Kunwa na Kinwa

Wewe unayesoma, nakutega. Niko na wanawake weupe, wanasimama mistari miwili mulangoni mwangu. Kutwa wanatwanga, na punje hata moja hawamezi. Siku wakiugua, nyumba yote inaugua. Ni nani? Usikimbilie mbali. Jibu liko karibu na ulimi wako.

Bwana yangu, muzee Albert, alilijua jibu tangu mutoto, na bado kidogo tu limukoseshe muguu.

Sisi ni watu wa Congo, tulivuka ziwa kuja huku Nchelenge, Zambia, na vyungu vyetu, miaka minane sasa. Albert ni shemasi kanisani. Pombe haonji, hata munkoyo, kinywaji cha mahindi cha huku, ukilala siku mbili ukaanza kuchacha, anausukuma pembeni. Kazi yake ni kununua samaki kule Kabuta ufukweni, kuwafunga kwa kinga, ile baiskeli yake nyeusi, na kuwapeleka bara kwa watu wa mihogo. Mwezi wa tano pedale ikamukata karibu na kifundo. Kidonda kidogo, kama domo la chisense, kale kasamaki ka kuanika. Mwezi wa nane kilikuwa domo la kambale. Sukari ya damu tulijua yuko nayo, na vidonge alikuwa anameza. Daktari akasema kidonda kikifika mufupa, muguu utakatwa. Na bila muguu, kinga nani ataikanyaga?

Kulikuwa na jambo lingine, hilo la mimi na yeye. Tangu tuoane tunakula sahani moja, na kichwa cha samaki yeye ananisukumia upande wangu. Mwaka huu akaanza kubeba bukari yake, ndio ugali wetu, nyuma ya jiko, anakula peke yake. Nikamuita kwa jina la mutoto wetu, nikamuuliza, "Papa Méschac, nimekukosea nini?" Akatazama ziwa kama ziwa ndilo lililoulizwa. Nikaongeza mawese kwenye sombe, yale majani ya mihogo. Nikapunguza chumvi. Nikawaza hata mwanamuke mwingine, mimi na mvi zangu hizi.

Basi tukaenda kliniki. Muuguzi alikuwa Towela, binti Muzambia, Kiswahili chake alikiokota sokoni akinunua samaki. Akapima damu, akainamia kidonda, kisha akamuambia muzee apanue mudomo. Muzee akakataa, akasema yeye ameleta muguu. Lakini kwa kukataa alifungua mudomo vya kutosha, na binti akaona. Akasema kwa sauti, foleni nzima inasikia:

"Shikulu, kunwa yako iko mubaya sana. Ile kunwa ndiyo inaua muguu."

Sasa kwa Kibemba chao shikulu ni babu, na mudomo ni akanwa. Kwa Kiswahili chetu ni kinwa. Naye maskini akachukua cha huku akakigonga na cha kule, akatoa kunwa. Na kunwa, kwetu, ni kunywa, ni pombe kushuka kooni.

Jamaa mumoja kwenye benchi akasema, "Ee, shemasi, chupa unazificha ndani ya Biblia?" Watu wakacheka. Albert akasimama, akaacha dawa zake pale, akarudi nyumbani ameegemea kinga kama fimbo. Akasema kule harudi hata muguu uanguke njiani.

Siku tatu nikaosha kile kidonda na harufu yake. Ya nne nikajifunga kitenge, nikaenda peke yangu kugombana. Nikamuambia Towela kwamba bwana yangu hajaonja pombe tangu abatizwe. Binti akashangaa, akauliza ni nani aliyesema anakunywa. Akafungua kinwa chake mwenyewe, akaonyesha kwa kidole ufizi na meno. Nikaelewa alitaka kusema kinwa. Tukacheka mpaka akashika meza.

Kisha akanieleza polepole. Ufizi ukioza, usaha wake hautulii mudomoni. Unasumbua damu, sukari inapanda. Sukari ikipanda, ufizi unaoza zaidi, na vidonda havifungi. Wawili wanasukumana hivyo, na muguu unalipa. Akaniuliza muzee anatafunia upande gani, na kama mate yake yana damu. Miezi minne sikuwa nimemuona bwana yangu akitafuna.

Nyumbani nikamukuta anaziba tairi. Nikamutegea kile kitendawili. Vitendawili hajawahi kuviacha vipite, akajibu bila kuinua kichwa, "Meno."

"Na samaki ukimununua Kabuta, unatazama wapi kwanza?"

"Mashavuni. Nafunua ndani."

"Kwa nini, na hayo mashavu hakuna anayeyala?"

Akaanza kunieleza kwamba samaki mwili wake unaweza kukudanganya lakini mashavu hayadanganyi. Akafika katikati, akaweka tairi chini. Hapo nikamuambia habari ya kunwa na kinwa. Akacheka, mukono mbele ya mudomo, kama alivyozoea siku hizo. Nikaushika ule mukono, nikaushusha. Ufizi ulikuwa mweusi-mwekundu, umevimba, jino moja linalegea kama kijiti kwenye matope. Nikaangalia, sikugeuza uso.

Tukarudi. Towela akamuomba radhi mbele ya foleni, na safari hii akasema "mudomo". Wakateremusha kwanza sukari kwa sindano, wakang'oa meno mawili, wakasafisha yaliyobaki. Muzee akapewa burashi, akaifunga kwenye kinga kama kengele ili asisahau. Vidonge vyake ni vilevile, lakini sasa sukari ikawa inasikia. Kidonda kikaanza kujifunga kutoka pembeni, nyama mpya, nyekundu safi. Mwezi wa kumi na moja kilikuwa tena domo la chisense.

Jana muchana nilipakua bukari, nikaweka sahani yake pembeni kwa mazoea. Akaja, akamimina yake ndani ya yangu, akaketi. Akavunja samaki, akanisukumia kichwa. Tukala.

Akatafuna, akameza, akasema, "Mama Méschac, hukunikosea kitu. Ni harufu ya kinwa changu nilikuwa naibeba mbali na weye."