Siku Jiwe Lilipozunguka Barabarani

Mume wangu ni mnoa visu, na baiskeli yake ndiyo karakana yake. Akifika kwa mteja huisimamisha juu ya stendi, gurudumu la nyuma likabaki hewani, kisha hufunga mkanda kutoka kwenye gurudumu hilo hadi kwenye jiwe la kunolea lililo mbele yake. Anakaa kwenye kiti, anakanyaga pedali, jiwe linazunguka. Anaweza kukanyaga asubuhi nzima bila kusogea hata hatua moja. Akimaliza anatoa mkanda, anakunja stendi, anaondoka. Miaka thelathini na ushei, funga, fungua, na sijapata kumwona akisahau.

Ila Ijumaa.

Ijumaa hunoa visu vya jikoni hotelini, na wapishi wale wana utaratibu wao: kisu cha mwisho kikishajaribiwa kwenye nyanya, fundi anafunguliwa bia. Zamani ilikuwa moja. Baadaye mpishi mkuu akaona moja ni uchoyo, zikawa mbili, na tangu mvua zikatike nadhani zilikuwa zinafika tatu, maana alikuwa akiingia nyumbani na tabasamu la mtu aliyeambiwa siri. Siku nyingine hanywi. Na akinywa hatukani, hapigi kelele. Anakuwa mpole tu, mpole kupita kiasi, anamsalimia hata paka.

Mimi kilichokuwa kikinikosesha raha ni saa kumi. Saa kumi ndipo mjukuu wetu, Kidoti, anapotoka chekechea, na babu yake ndiye humfuata, kwa sababu mama yake, binti yetu, yuko zamu hospitalini mpaka jioni. Kidoti hukaa kwenye keria, mikono kiunoni kwa babu, miguu inaning'inia. Na barabara ile ina malori.

Nilivumilia Ijumaa nne. Kila Ijumaa nilisimama mlangoni mpaka niwaone wanakunja kona, ndipo nikapumua.

Ijumaa ya tano nilikuwa naanua nguo alipoingia uani. Jua lilikuwa la rangi ya asali, shuka zimetulia kwenye kamba kana kwamba nazo zinasinzia. Hakuniuliza kitu. Alisimamisha baiskeli juu ya stendi, akafunga mkanda, akachukua kisu changu cha jikoni akaanza kukinoa.

"Umekunywa ngapi?"

"Unauliza kama askari."

"Nauliza kama mkeo."

"Basi mke wangu ajibiwe. Nimekunywa kidogo."

"Kidogo ni ngapi?"

"Kidogo hakihesabiki, mama. Kikihesabika hicho si kidogo tena."

Nilicheka, ndiyo. Ananichekesha tangu ujana, na hapo ndipo huniponyoka.

"Leo Kidoti nitamfuata mimi, kwa miguu," nikasema.

"Kwa goti hilo? Utafika Jumapili." Akakipima kisu kwa kidole gumba. "Hofu ya nini? Baiskeli si gari. Haina injini, haina leseni, haina namba. Askari atanishikia lipi? Atanusa pedali?"

"Mimi sheria siijui. Lori nalijua."

"Nikipata kidogo ndiyo naendesha vizuri zaidi. Mwili unalegea, baiskeli inajiendea."

Nikaweka kapu la nguo chini.

"Haya. Kama inajiendea, nipakie mimi kwanza. Nikifika shuleni mzima, mimi nitarudi kwa miguu yangu, Kidoti atapanda."

Alifurahi kama bwana harusi. Akatumbukiza kisu kwenye mfuko unaoning'inia usukanini, akakunja stendi, akaipangusa keria kwa mkono wa shati. Nikakaa upande, nguo nimezibana magotini, hata sikutazama mbele. Tukatoka.

Nisiseme uongo, ilikuwa raha. Miaka mingapi sijapakiwa! Upepo ulikuwa vuguvugu. Nyumba zilikuwa zinapita taratibu kama zinasukumwa na mtu mwingine. Kinyozi alisimama mlangoni kwake, wembe mkononi, akatutazama mpaka tukapotea. Mwanamke mmoja alinipungia, nami nikampungia bila kujua ni nani. Na chini ya yote hayo kulikuwa na sauti, mvumo mtamu wa chinichini, kama nyuki walio mbali. Nikafumba macho. Nikawaza, labda ana haki huyu mzee. Labda inajiendea.

Nilipofumbua macho tulikuwa tumeshaingia barabara kubwa, na sauti ile ilikuwa imeongezeka. Nikachungulia ubavuni mwake.

Jiwe lilikuwa linazunguka. Hakuwa ametoa mkanda.

Nikautazama mgongo wake, nikaona umeinama vile unavyoinama kazini. Miguu inakanyaga mwendo wa kazi, jiwe linaimba wimbo wa kazi, na mwili ule uliolegea ukaamini uko kazini. Mkono wa kulia uliacha usukani. Ukaingia mfukoni, ukatoka na kisu changu, ukakilaza kwenye jiwe. Kisha na wa kushoto ukaja kushika ncha. Cheche zikaruka, ndogo, nzuri, zikanipita shavuni. Nyuma yetu honi ya lori ikalia, ndefu. Yeye hakuisikia. Alikuwa amekaa mahali pake, gurudumu liko hewani, dunia imesimama.

Nilitaka kupiga yowe. Lakini mtu aliyelala huku anatembea, ukimshtua anaanguka hapohapo. Nikawaza, huyu akiwa anafanya kazi nani humsimamisha? Mteja. Mteja akisema kinatosha, miguu yake hutulia.

Nikajikaza, nikaifanya sauti yangu ya kawaida kabisa.

"Fundi, kinatosha."

"Bado upande wa pili, mama," akasema kwa adabu, bila kugeuka.

"Upande wa pili nitauleta kesho. Kinatosha, fundi. Pumzisha miguu."

Miguu ikatulia. Jiwe likaanza kushusha sauti. Baiskeli ikapunguza mwendo, ikayumba kulia, ikayumba kushoto, lori likatupita na upepo wake wote, nasi tukaanguka kwenye majani ya pembeni. Kisu kilichoma udongo shibiri moja kutoka gotini kwangu.

Alikitazama kisu. Kisha akanitazama mimi.

"Wewe umefikaje hapa?"

Nikaking'oa kisu udongoni. Askari wa usalama barabarani, yule dada anayevusha watoto pale kwenye kivuko, alikuwa anakuja mbio, kofia mkononi.

"Shikamooni! Mmeumia?"

"Marahaba, mwanangu. Goti tu, nalo lilikuwa bovu tangu zamani."

Akamwinamia mume wangu kumwinua, akasita. "Mzee, umekunywa."

"Baiskeli haina injini, mwanangu," mume wangu akasema, lakini sauti haikuwa ile ya uani.

"Sheria yetu haiulizi injini. Inauliza kama uko barabarani na kama unajimudu. Wa baiskeli naye tunamwandikia, naye anakwenda kwa hakimu kama mwenye gari." Akatazama keria tupu. "Kila siku unapita hapa na mtoto. Leo yuko wapi?"

"Ndiyo tunamfuata," nikasema.

Yule dada akatoa kitabu chake akaandika. Sikumwombea mume wangu, naye hakunitazama nimwombee.

"Ukiipanda tena leo, baiskeli inalala kituoni," dada akasema. "Ukiisukuma, wewe ni mtembea kwa miguu kama wengine. Nendeni, mtoto anasubiri."

Alitoa mkanda. Ikamchukua muda. Tukatembea, yeye na baiskeli, mimi na goti langu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia pale getini kama atathubutu, na yalikuwa makali.

Kidoti alitoka mbio, mikono ameinua tayari, moja kwa moja hadi kwenye keria. Nikafungua mdomo. Lakini babu yake alikuwa ameshaisogeza baiskeli mbali naye.

"Hapana, Kidoti. Babu hakupakii."

"Kwa nini?"

"Babu amekunywa pombe. Tumeanguka, na bibi yako karibu auawe na lori. Mimi ndiye nimemwangusha."

Kidoti alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akaona nimekamilika.

"Kesho?"

"Jumatatu nitakupakia. Ijumaa, siku ya wapishi, tutatembea. Ijumaa zote."

"Kwani wapishi hawana chai?"

Swali hilo nilimwachia mzee ahangaike nalo mwenyewe. Tukashika njia, Kidoti katikati yetu akituhesabia vidole vyake vyenye rangi ya kuchorea, jua limelala juu ya paa, malori yanatupita moja moja. Na kila lori liliposikika kwa mbali, mume wangu alikuwa akihama, yeye na baiskeli yake, akakaa upande wa barabara, kati yetu na lori.