Mahindi ya Vuhovi

Redio ilipotangaza kwamba serikali imeondoa ushuru wa unga kutoka nje, ili watu waliochoshwa na vita wapate kula, Rachida alipiga vigelegele dukani kwake Bulengera. Nani angemlaumu? Majirani zake walikuwa wakilala njaa. Malori yakaanza kuteremsha unga kutoka Uganda, mweupe, wa bei rahisi, na wateja wakafurika.

Hapo ndipo alipomwacha Débora. Mama huyo, mkulima wa kijiji cha Vuhovi, ndiye aliyemletea mahindi ya kusaga tangu duka lilipokuwa meza tu kando ya barabara. Hata mvua zilipokataa, alimwekea yeye kwanza. Sasa alipofika na gunia lake mgongoni, kamba imembana kipaji cha uso, Rachida alimpa chai na maneno matamu, na gunia likarudi Vuhovi kama lilivyokuja. Ilimuuma. Lakini biashara ni biashara, alijiambia, na mteja haulizi unga umetoka kwa nani.

Kisha, mwaka wa pili, serikali ikarudisha ushuru, ghafla kama ilivyouondoa. Bei ya unga wa nje ikawa haishikiki. Rafu zikabaki tupu, na asipopata mahindi upesi duka litafungwa. Akapanda pikipiki kwenda Vuhovi, njia nzima akipanga maneno ya kuomba msamaha.

Hakupata nafasi ya kuyasema. Débora alimpokea kwa furaha ya kweli, akamketisha jikoni, akasonga bugali. Rachida akainua macho juu ya moto, pale ambapo kila nyumba ya huko hutundika mahindi ya mbegu yakauke kwa moshi. Zilining'inia kamba tupu, nyeusi kwa masizi.

"Yaya, mbegu iko wapi?" aliuliza, akimwita dada mkubwa kama siku zote.

"Tulikula, mudogo wangu. Hapakukuwa tena mutu wa kununua mahindi. Donc tulikula mpaka mbegu."

"Na shamba?"

"Tulipanda kalitusi. Mbao, ile hapana kukosa mununuzi."

Kupitia mlangoni Rachida aliiona mikaratusi hiyo, imeshampita mtu urefu, imejaa shamba lote. Chini ya miti hiyo hata hindi moja halioti.

"Sasa hii bunga ulitoa wapi?"

"Kwako, Bulengera. Siku nilikuya kununua, weye haukukuwa pa duka."

Aibu ikamshika Rachida, akaona heri aseme lolote. "Yaya, kata hata upande moja. Panda tena, mimi nitanunua yote."

Débora hakukasirika, na hilo ndilo lililomkata Rachida maini.

"Na serikali ikiondosha tena taxe ya bunga," aliuliza kwa upole, "utanunua ya nani?"

Rachida alitaka kusema: yako. Alimpenda mama huyu, lakini wateja wake aliwajua, na yeye mwenyewe alijijua. Débora akamsogezea bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, akamwambia ale kabla chakula hakijapoa.