Zaidi ya Mtihani

Mtihani wa wasaidizi wa hospitali ya serikali pale Morogoro ulitaka mambo machache: majina ya dawa kumi na mbili, vipimo vyake, na namna ya kuosha kidonda. Bruda Anselmi, aliyetufundisha misheni, alisema anayeyajua hayo atapata kazi, na asiyeyajua arudi mlimani akalime maharage. Mimi niliyajua yote kabla ya Kwaresima. Ningeweza kupumzika. Lakini kaka yangu Paulo alikuwa kaburini, na aliyempeleka huko alikuwa bado anatamba na kanzu nyeupe.

Salehe, mnyapara wa shamba la mpira, alimtaka Paulo amgemee miti yake Jumapili. Paulo akakataa. Wiki hiyohiyo Salehe akamshtaki kwamba anachanganya unga wa muhogo kwenye utomvu ili uzito uongezeke. Adhabu ilikuwa viboko hamsini, na kwa desturi ya Wajerumani vikagawanywa: hamsa wa ishirini, yaani ishirini na vitano, siku hiyo, na vingine baada ya wiki mbili, vidonda vikishakauka. Vya Paulo havikukauka. Alipigwa hivyohivyo, akafa siku ya tatu.

Mchana mmoja tone la iodini lilidondokea muhogo wangu wa kuchemsha, likageuka bluu nzito. Nilimwuliza Bruda sababu. Akasema mtihani hauulizi hilo. Nikitaka kujua, kipo kitabu kikubwa cha kemia, ila nisije nikalia nikifeli. Nilikitaka. Nilisoma kwa chuki, na chuki ni mwalimu hodari, haimpi mwanafunzi likizo. Nikajua kwamba iodini huufichua wanga popote ulipo: kwenye muhogo, kwenye wali, hata kwenye nguo iliyotiwa wanga kabla ya kupigwa pasi. Hapo nikafunga kitabu. Yaliyobaki sikuyahitaji.

Siku ya kupima mpira nilikwenda shambani na chupa yangu ya iodini na kipande cha muhogo. Bonge la mpira la Paulo lilikuwa limetundikwa mlangoni mwa ghala, liwe fundisho kwa wengine. Mbele ya Mjerumani mwenye shamba nilidondosha tone kwenye muhogo, ukawa bluu. Nikadondosha kwenye bonge la Paulo, likabaki kahawia. Kisha nikauomba mkono wa kanzu ya Salehe, kanzu iliyosimama kama ubao kwa kunyooshwa. Ukawa bluu. Nikamwambia Mjerumani kwamba unga ndio huo, na mchanganyaji ndiye huyo.

Salehe alisema ni wanga wa dobi. Alirudia mara tatu. Mjerumani hakujua nguo zake mwenyewe zinanyooshwaje, sembuse kanzu ya mnyapara. Akaamuru hamsini.

Kesho yake Bruda, asiyejua lolote, akanituma bomani kumwosha Salehe vidonda. Nilimkuta amelala kifudifudi. Sikumwamkia.

"Wewe unajua ni wanga wa dobi," alisema.

"Najua."

"Basi nenda ukawaambie, mwanangu. Viboko vya pili sitavimudu."

Nikamwosha kwa maji yaliyochemshwa, nikampaka dawa kwa kipimo chake hasa, nikamfunga kitambaa safi. Nilikwenda kila siku. Sijawahi kumuuguza mtu vizuri namna ile, na siku ya kumi na mbili vidonda vyake vilikuwa vimekauka.

Nikaenda kwa karani wa boma kumwarifu kwamba mtu wao yuko tayari.