Kadi ya Koko Imekataliwa

Mara ya kwanza ilipokataa, Tabitha hakushtuka. Hata ng'ombe mpole hurusha teke akishikwa na mkono mgeni, na mkono wa leo ulikuwa mgeni kweli: kompyuta ya Ngui, kwenye saiba yake ya intaneti pale Kitengela, ikimlipa mtu aliye ng'ambo ambako Tabitha hakujua hata kama ni mchana au ni usiku.

"Umekosea tarehe," Ngui alimwambia Soipan, mjukuu wa Tabitha, akiwa ameinama nyuma ya bega lake. "Hapa wanataka mwezi kadi inaisha. Wewe umeweka ule ilianza."

Soipan akafuta, akaandika upya. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na dakika nane. Saa kumi na moja kamili malipo yangefungwa, na nafasi ya Soipan kwenye mtihani wa wauguzi wanaokwenda kufanya kazi nje ingepewa mtu mwingine. Barua ya nafasi yenyewe ilikuwa imeingia jana jioni. Mtihani mwingine ni mwaka ujao, na hospitali iliyomkubali ilikuwa imeandika wazi kwamba haitamngoja. Huko hawakujua mambo ya kulipa kwa simu, walitaka kadi. Na kadi ilikuwa moja tu nyumbani, ya Tabitha, ile benki ilimpa kwa ajili ya pesa za maziwa. Ndiyo maana bibi alikuwa ametoka Kajiado asubuhi, kadi imefungwa ndani ya leso, leso ndani ya kibeti, kibeti kwapani.

Soipan akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikasimama. Maandishi mekundu yakatokea.

"Yamekataliwa tena," Soipan akasema. "Inasema tuulize benki."

"Pesa ziko," Tabitha akasema. "Juzi nimeuza ndama wawili. Ziko!"

"Najua, Koko," Soipan akasema. Koko ndivyo kwao huitwa bibi.

Tabitha alikuwa na tabia moja, akiogopa hutega vitendawili. Siku ya mafuriko aliwategea watoto mpaka maji yakapungua.

"Kitendawili!"

"Koko, tafadhali. Si sasa."

"Tega!" akaitikia mwanamume mmoja pale kwenye benchi. Alikuwa Omolo, fundi wa mabomba, aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho na kwa nusu saa alikuwa amesahau kuondoka.

"Nina ng'ombe zizini, kiwele kimejaa, nikikamua hatoi tone."

"Hiyo ni kadi yako, mama!" Omolo akacheka. "Leo aliyetegua ndiye apewe mji."

"Mji sikupi, umeibia kwa macho."

Ngui hakucheka. "Lakini mama amesema kweli. Maziwa iko, ni vile ng'ombe hamjui anayemkamua. Hii kadi tangu izaliwe imetoa pesa Kajiado tu. Leo inalipa dola, tena mbali. Benki ikiona hivyo inashtuka. Ama haijafunguliwa kulipa mtandaoni. Ngojeni nitoe karatasi imekwama kwa hii mashine, tupige simu."

Akageuka kwenye mashine yake. Saa kumi na dakika kumi na tano.

"Simu ya nini?" Omolo akanong'ona. "Bonyeza tena, msichana. Mashine ni kama punda, haisikii mara ya kwanza."

Soipan akaitazama saa. Alibonyeza. Yakaja mekundu. Akabonyeza tena kabla hata hayajafutika, na hapo simu ndogo ya Tabitha ikalia ndani ya kibeti. Soipan akausoma ujumbe, akaiweka simu mezani polepole kana kwamba ingevunjika.

"Wamefunga kadi."

Ngui akarudi na karatasi iliyokunjamana mkononi. "Nani amebonyeza?"

Omolo akatazama viatu vyake.

"Ikikataa mara mbili unaacha!" Ngui akasema. "Unasoma imekuambia nini. Ukilazimisha, benki inadhani kadi imeibwa. Mwizi ndiye anabonyezanga hivyo."

"Basi wacha niwasaidie kutengeneza," Omolo akasema, akiinua simu yake. "Nimepata namba ya benki hapa Facebook. Imeandikwa 'huduma ya haraka.'"

"Hiyo ni ya mtu amekaa kwake anangoja mama kama huyu. Namba ya benki iko nyuma ya kadi. Mama, geuza."

Tabitha akageuza. Namba ilikuwepo, ndogo kama mayai ya chawa. Siku zote hizo alikuwa ameibeba bila kuiona. Soipan akapiga, akaweka sauti ya nje. Muziki ukaanza. Ulikuwa muziki wa furaha, wa kuwaudhi wenye haraka. Saa kumi na dakika ishirini na mbili. Ishirini na tisa. Pesa za simu zikakaribia kuisha, Ngui akaongeza mia moja kutoka kwa simu yake bila kuulizwa.

"Asante kwa kungoja, mimi ni Wanjala. Nikusaidie aje?"

Soipan alieleza mbio mbio. Wanjala akamsikiliza, kisha akasema, "Sawa dada, lakini nitaongea na mwenye kadi. Mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu."

Akamuuliza namba ya kitambulisho. Tabitha akaitaja bila kusoma. Akamuuliza tarehe ya kuzaliwa. Akataja ile serikali ilimpa. Akamuuliza pesa za mwisho kuingia ni za nini. Akasema ndama wawili, mmoja mwekundu, mmoja wa madoa. Wanjala akacheka kidogo.

"Vizuri sana mama. Swali la mwisho, la usalama. Ulipofungua akaunti ulituachia jibu lake. Mtoto wako wa kwanza anaitwa nani?"

Tabitha akaanza kuikunja leso tupu.

Soipan aliinua macho. Ngui na Omolo hawakuelewa, wakadhani bibi hakusikia. Kumbe alikuwa amesikia vizuri mno. Mtoto wake wa kwanza alikuwa mama yake Soipan, na alikuwa amezikwa miaka kumi na mbili iliyopita, nyuma ya boma, upande jua linakotua. Na kwao, aliyekufa hatajwi jina na wale waliomlilia. Hata binti wa jirani aliyeitwa jina hilo hilo alipewa lingine la kuitwa akipita karibu na nyumba ya Tabitha. Mchungaji alishawaambia kwamba hayo ni ya zamani. Vijana wengi wameyaacha, na Tabitha mwenyewe huimba kwaya. Lakini kanisani wakisoma majina ya marehemu, yeye husema "mtoto wangu," basi. Mama mkwe wake alimfundisha kwamba ukimwita aliyekwenda, kifo hugeuka kuangalia nani ameita, na macho yake humwangukia aliye karibu. Aliye karibu, miaka yote hiyo, alikuwa Soipan.

Siku ya kufungua akaunti, binti huyo mwenyewe alikuwa ameketi pale pale kando yake, anacheka. Nani angejua kwamba swali nalo linaweza kukaa miaka likikungoja?

"Mama? Uko?"

"Niko. Ni mama yake huyu msichana umeongea na yeye."

"Nahitaji jina, mama."

"Ni yule nilizaa kwanza."

"Jina, mama. Umesahau?"

"Nisahau?" Sauti yake ikapanda. "Nani husahau uchungu wake wa kwanza? Sijasahau. Siwezi kulitaja."

Soipan akashika simu. "Nitasema mimi. Ni mama yangu, jina liko kwa cheti changu cha kuzaliwa."

"Pole dada, si wewe. Ni mwenye kadi, kwa mdomo wake. Kama haiwezekani, Jumatatu aende tawini na kitambulisho, watamfungulia."

"Kufika Jumatatu hakuna mtihani tena!" Soipan akasema.

Saa kumi na dakika arobaini. Omolo, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa neno, alikuwa amevua kofia.

"Soipan," Tabitha akasema. "Toka nje. Nenda mbali, mpaka kwa wauza matunda."

Soipan akaelewa. Alijua anafukuzwa kwa nini: bibi alitaka kumficha, kifo kikigeuka kisimwone. Akavuta kiti chake, akakisogeza mpaka goti likagusa goti la bibi.

"Sitoki, Koko."

"Toka, nimesema!"

"Nikitoka utaniogopea huko nje pia. Niogopee hapa hapa."

"Mama," Wanjala akasema kwa upole, "nisipopata jibu dakika hii, mtambo utakata simu."

Tabitha akamshika mjukuu wake kichwa kwa mikono miwili, akakiinamisha kifuani, akakifunika kwa shuka aliyojitanda kama mtu anayekinga mtoto mvua. Akafumba macho.

"Nasieku," akasema.

Halafu kwa kuwa mlango ukishafunguka umefunguka, akalisema tena, kwa nguvu, mbele ya wanaume wawili na mashine tatu: "Mtoto wangu wa kwanza anaitwa Nasieku."

"Asante, mama." Vidole vya Wanjala vilisikika vikigonga. "Nimeiona. Ni wewe umejaribu kulipa dola leo? Sawa. Nafungua kadi, na nafungua malipo ya mtandaoni. Haikuwa imefunguliwa, ndiyo maana ilikataa kutoka mwanzo. Ngoja dakika tano, ujaribu mara moja tu. Namba ya siri itakuja kwa simu yako. Usimpe mtu kwa simu, hata mimi nikikupigia."

Walingoja. Hizo dakika tano zilikuwa ndefu kuliko miaka mingine. Saa kumi na dakika arobaini na nane Soipan akaandika kila kitu upya, taratibu, Ngui akisoma kila namba kwa sauti kutoka kwenye kadi, na mwezi wa mwisho wakausoma mara mbili. Akabonyeza mara moja, akaweka mikono chini ya mapaja. Simu ndogo ikalia. Tabitha akaisoma mwenyewe, namba sita, moja moja, kama anayehesabu ndama wakiingia zizini.

Kiduara kikazunguka. Nje pikipiki ikapita. Kikazunguka.

Maandishi yakaja ya kijani.

Ngui akapiga meza. Omolo akasema "Bwana asifiwe!" halafu akatoka haraka kwenda kuwanunulia soda, maana alijua ana deni la ile 'bonyeza tena' yake. Soipan hakuruka wala kupiga kelele. Alibaki ameketi, goti kwa goti, akimtazama bibi yake ambaye naye alikuwa anamtazama usoni, anamchunguza paji, macho, midomo, kama kuhakikisha yote yapo.

"Koko," akasema, "mama akiwa mdogo, ulipokuwa unamwita, alikuwa anaitikaje?"

Tabitha akafikiri. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza.

"Alikuwa haitiki," akasema. "Ulikuwa unaita, unashtukia amefika."