Baka kwenye Jicho la Queen

Queen alizaliwa na kidoa chekundu kwenye ukope wa jicho la kushoto, utadhani kaumwa na mbu. Miezi miwili baadaye kilikuwa kimevimba na kuiva kama nyanya, na jicho likawa linafunguka nusu.

Bibi yake, Teodora, alikuja Igogo kutoka Magu kumwona mjukuu. Alipomfunua tu, akalitazama lile baka kwa karibu. Baadaye akamuuliza mkwewe, Odeta, kama alijishika uso mwezi ulipopatwa akiwa mjamzito. Odeta hakukumbuka, ila tangu hapo akawa halali vizuri, akiwaza kila alichokula na kushika. Teodora alimjua mama mmoja anayechoma alama kama hizo kwa majani makali. Mtoto wa jirani yake alipona, kovu tu ndilo lilibaki.

"Ni kwenye jicho, mama," Odeta alisema. "Nampeleka hospitali kwanza."

Teodora alinuna, lakini akafuatana nao.

Daktari alilibonyeza baka taratibu. Akaeleza kuwa ni vimishipa vya damu vilivyoota kupita kiasi, na hakuna alichokosea mama. Mengi ya namna hiyo hukua mwaka wa kwanza, kisha hunywea yenyewe, hivyo huachwa. Yale bapa yenye rangi ya zambarau ndiyo hayaondoki, na hupunguzwa kwa miale ya leza. Teodora akauliza kwa nini wasilikate tu. Akajibiwa kwamba damu ingevuja sana na ukope ungeharibika.

"La huyu hatulisubiri," daktari alisema. "Likiendelea kuziba jicho, ubongo utazoea kutolitumia. Jicho litakuwepo, lakini halitaona vizuri."

Walilazwa, dawa ya maji ya kulipunguza baka ikaanzishwa, na mapigo ya moyo yakaangaliwa kwa kuwa dawa hiyo huyapunguza kasi. Odeta alionywa asimpe dawa kabla hajanyonya, sukari ya mwilini isije ikashuka. Nyumbani, Teodora akawa mkali kwa hilo kuliko wote, na safari ya kurudi Magu akaiahirisha.

Baka likapauka, likalainika, likaanza kushuka. Kliniki, daktari alilifunika jicho la kulia kwa kiganja, akapitisha kijiko mbele ya Queen. Jicho la kushoto likakifuata, huku na huku. Odeta akaomba kipitishwe tena. Kikapitishwa, naye akageukia dirishani kufuta machozi.

Sasa Queen anatembea. Kwenye ukope limebaki doa la waridi na ngozi iliyolegea kidogo. Daktari anasema leza inaweza kulipunguza. Odeta amesema hilo ataamua Queen mwenyewe akikua.