Mapigo ya Dakika Nzima

Dawa ya moyo ya mama niliijua nje ndani. Kabla ya kumpa mgonjwa, unahesabu mapigo yake dakika nzima; yakiwa chini ya sitini, humpi, unamwita daktari. Wenzangu wa chuo cha uuguzi waliniita Profesa, nami nikavimba kichwa.

Asubuhi ya mtihani mama alisema anasikia kichefuchefu na kila kitu anakiona cha njano. Dalili za dawa hiyo kuzidi mwilini nilizijua, lakini nilikuwa nachelewa.

"Meza tu, mama. Tutaongea nikirudi."

Mkono wake sikuushika. Akameza, maana msomi ni mimi.

Sikumkuta hai.

Wiki iliyofuata mwalimu, asiye na habari, akalisomea darasa jibu langu la mtihani kuhusu dawa ile.

"Anahesabu kwanza," akasema. "Huyu, mgonjwa wake hafi."